Mashine Ikilia, Usimsemeshe Mama

Sheria ya chumba kile ilikuwa moja, na hata majirani wa ukuta wa pili waliijua: mashine ikilia, usimsemeshe Mama. Una njaa, ngoja. Umegombana na mwenzako, malizaneni wenyewe. Cherehani ilikuwa ya chuma, ya kukanyaga kwa miguu, kuukuu kuliko nyumba yenyewe. Ilipoanza kukimbia, sakafu ilitetemeka mpaka kitandani, vikombe viligongana kabatini, na mgeni aliyesimama mlangoni ilibidi apaze sauti kama yuko sokoni. Aliyeikanyaga aliitwa Fundi na mtaa mzima. Alishona sare za shule tangu kunapokucha mpaka macho yake yakatae kuona tundu la sindano.

Sheria hiyo hakuitunga kwa ubaya. Siku moja alisemeshwa, akageuka, na sindano ikapita katikati ya ukucha. Tangu hapo akawaambia wanawe, "Nikikanyaga, mimi sipo." Walikuwa wawili, wote wa kike. Mkubwa alikuwa darasa la pili, na baba yake alimwita Chiriku kwa sababu alianza kuongea kabla hajajua kutembea na tangu siku hiyo hakupumzika. Mdogo, aliyekuwa bado hajaanza shule, aliitwa Kitinda, maana wazazi walikwisha kuapa kwamba kiwanda kimefungwa.

Siku hizi lakini Chiriku alikuwa hasemi. Hakuna aliyejua alinyamaza lini hasa, kwa kuwa katika nyumba yenye kelele ukimya haumsumbui mtu. "Anaanza kupata akili," Fundi alimwambia mumewe, na mumewe akaitikia kwa kichwa bila kuangalia. Huyo naye watu walimwita Zege, kwa kazi yake ya ujenzi. Ujenzi ulisimama mwenye jengo alipoishiwa fedha, na sasa Zege hakuwa akikoroga chochote isipokuwa sukari kwenye chai, nayo sukari siku nyingine haikuwapo.

Mama Sare alikuja mchana. Ndiye aliyemletea Fundi vitambaa na kumlipa kwa kila shati. Alikuwa na zabuni ya shule tatu na hakuwa na subira ya hata moja. Alisimama uani, mbele ya wanawake waliokuwa wakifua, akaanza kugeuza mashati ndani nje.

"Fundi, hii ni kola au ulimi wa ng'ombe?"

"Nitairekebisha, dada."

"Hii utairekebisha. Na hii je? Na hii? Nikipeleka shati hili shuleni, mwalimu mkuu atanivalisha mimi." Wanawake wakacheka kidogo. Hawakuwa na ubaya. Mwenye fedha akifanya mzaha, watu hucheka. "Fumua zote. Kesho jioni nizikute zimenyooka. Huwezi, sema. Kuna fundi kule barabarani ana mashine ya umeme, na hana watoto."

Fundi alisema anaweza. Akasema na asante pia, kisha akabaki anajiuliza amemshukuru kwa lipi.

Aliporudi ndani na furushi lake alikuta pasi ya mkaa imelalia shati mezani na moshi unaanza kupanda. Chiriku alikuwa ameketi chini karibu na meza, amempa mgongo, anaokota vipande vya kitambaa vilivyodondoka.

"Chiriku, ondoa pasi!"

Mtoto hakugeuka.

"Chiriku! We mtoto! Pasi!"

Fundi akatupa furushi, akaiondoa mwenyewe. Alama ya pasi ilikuwa imebaki mgongoni mwa shati, kahawia, nzuri kama imechorwa. Hilo shati sasa lilikuwa lake, atalilipa. Akamwona mwanawe bado anaokota vipande kwa utulivu wake, na maji yakamfika shingoni.

"Sikio la kufa halisikii dawa!" Kofi likatua juu ya sikio la kushoto.

Chiriku hakulia. Alitupa jicho kwenye cherehani, akaona imesimama, akameza kilio chake. Kiganja cha Fundi kilirudi na unyevunyevu, na unyevu huo ulikuwa na harufu.

"Nini hiki?"

"Maji, mama. Nilinawa uso."

Fundi alikuwa na kola za kufumua. Akaamini ni maji.

Mwalimu wa darasa alimwita Zege, kwa sababu Zege ndiye aliyekuwa na nafasi. Alimsimamisha kwenye korido huku wanafunzi wakipita.

"Baba, huyu mtoto hasikii. Nimemhamishia mbele, bado hasikii. Na wenzake hawataki kukaa naye." Mwalimu akateremsha sauti. "Wanasema ananuka."

Zege alisema huko nyumbani wanaoga kila siku. Mwalimu akasema hakumaanisha hivyo. Wote wawili wakaona aibu, na yenye uzito zaidi akarudi nayo Zege nyumbani.

Hospitalini walikaa wote wanne kwenye benchi tangu asubuhi. Daktari wa masikio alikuwa mwanamke wa makamo mwenye sauti ya mafua. Alimlaza Chiriku kichwa upande, akamulika, akachukua kikoleo chembamba. Alichovuta katika sikio la kushoto kilikuwa kipande cha kitambaa cha buluu kilichoviringishwa vizuri kama utambi. Nyuma yake kulikuwa na kingine, kilichooza. Fundi hakuhitaji kuambiwa ni nini. Ile buluu aliikata kwa mkono wake.

"Nani aliweka hivi?" daktari akauliza, akipaza sauti taratibu upande wa sikio zima.

"Mimi."

"Kwa nini, mwanangu?"

"Ili usaha usitoke. Ukitoka unachafua sare za watu."

"Lilianza kuuma lini?"

Chiriku akafikiri. "Wakati wa sketi."

Daktari akamtazama mama. Fundi alikuwa ameshika mdomo. Katika chumba kile hakuna aliyehesabu miezi, walihesabu oda. Sketi zilikuwa za muhula uliopita. Baada ya sketi zilikuja kaptura, na baada ya kaptura ndiyo haya mashati.

"Sasa mbona hukumwambia mama?"

"Mashine ilikuwa inalia."

"Na ilipoacha kulia?"

Chiriku alimwangalia mama yake usoni, akapima kwanza, ndipo akajibu. "Ikiacha ndiyo mama anakuwa mkali."

Daktari akamwomba Zege atoke na watoto. Kisha akamweleza Fundi bila kuzunguka. Ngoma ya sikio la kushoto ilikuwa imetoboka vibaya, na kusikia kwa upande ule asitegemee sana. La kulia nalo lilikuwa limeanza kuwa jekundu na kuziba. Likikauka, limepona. Likianza kutoa maji, siku hiyo hiyo aletwe. Wakingoja wiki ijayo, watakuwa wamechelewa.

"Lakini wewe hutaona," daktari alisema. "Wa kwanza kujua ni yeye. Usalama wa lile sikio ni mdomo wake. Lazima awe mtoto anayesema."

"Nitamwambia aseme."

"Hasemi kwa kuambiwa, mama. Unalala wewe?"

"Nalala nini, daktari? Nikifumba macho naona kola."

"Basi matone ni ya mtoto, na dawa hii nyingine ni yako. Ukiona moto unapanda, acha unachofanya. Toka nje. Pumua mpaka mabega yashuke, ndipo urudi useme. Mtoto hasikilizi maneno yako kwanza, anasoma uso wako. Ukitulia, atatulia. Akitulia, atasema."

"Nitoke nje, daktari? Nje kuna mwenye nyumba anayetudai."

Daktari akacheka hata bila kutaka. Fundi naye akacheka, na kicheko hicho hicho kikageuka kilio kabla hajakimaliza.

Alijaribu. Tumpe haki yake, alijaribu kwa moyo wote. Chiriku alipotoka shule, Fundi aliacha kushona hata kama mshono uko katikati, akaifunika cherehani kwa shuka la maua, akatangaza, "Mashine imelala." Mpaka chakula cha jioni kiliwe, hakuna aliyeigusa.

Siku za mwanzo watoto walikaa kitandani wakiitazama ile mashine chini ya shuka kama mgonjwa anayeweza kuamka. Kisha siku moja Kitinda alimwaga kopo la vifungo, vyote, chini ya kabati, chini ya kitanda, hadi uani. Fundi alihisi moto unapanda toka tumboni. Chiriku alikwisha kujikunja. Fundi akatoka, akasimama kwenye kamba ya nguo, akapumua mpaka mabega yakashuka. Mwenye nyumba akamwona.

"Fundi! Ndiyo unanitafuta?"

"Natafuta pumzi, mzee. Wewe nitakutafuta mwisho wa mwezi."

Akarudi ndani, akapiga magoti. "Haya, tuviokote pamoja."

Wakaokota. Wakiwa chini ya kitanda, vichwa karibu kugongana, Chiriku akasema, "Mama, kuna mtoto darasani kwetu anakula chaki."

"Anakula chaki?"

"Nyeupe tu. Ya rangi hataki."

Mambo yenyewe ni hayo tu. Lakini Fundi alibaki na vifungo mkononi, anaogopa hata kukohoa, asije akaikata ile sauti. Kutoka kwenye chaki Chiriku akahamia kwa mwalimu, kutoka kwa mwalimu akahamia kwa paka wa shule, na chakula kilipokuwa tayari bado alikuwa hajamaliza. Zege alisimama mlangoni akasikiliza, akasema, "Karudi huyu!" akaenda nje kujifuta macho, akisingizia moshi.

Mengine yakafuata yenyewe. Kitinda akaacha kukojoa kitandani. Wasichana wakaanza kugombana kwa sauti, jambo ambalo hawakuwa wakithubutu. Hata Zege, ambaye aibu ya kukaa bure ilimfanya akae kama mgeni kwake, alianza kuwabeba mgongoni. Na jioni moja Chiriku alikuja mwenyewe, hakuulizwa, akavuta gauni la mama yake. "Mama, leo limeuma kidogo. Hili zima."

Fundi alimweka matone, akamshika kichwa mapajani mpaka akasinzia. Hakukumbuka kama aliwahi kuambiwa jambo zuri kuliko hilo. Kama utulivu ungekuwa unalipa kodi, familia ile ingetajirika.

Mama Sare alirudi muhula ukikaribia kufunguliwa. Akalikuta shuka la maua.

"Cherehani umeivalisha. Imefiwa?"

"Ni saa ya watoto, dada."

"Saa ya watoto!" Akaangalia huku na huku akitafuta wa kucheka naye. "Fundi, mchelea mwana kulia hulia yeye. Sikiliza. Nina shule nzima hapa, mashati na sketi, na shule zinafunguliwa Jumatatu ijayo. Ama uchukue yote, ama nipeleke yote kwa yule wa umeme, na hapa kwako sitarudi. Sina kazi ya nusu siku."

Mke na mume wakaongea uani, kwa sauti ya chini.

"Ukikataa tutakula nini, Mama Chiriku? Mimi unaniona."

"Sijasema nakataa. Nauliza, daktari alisema nini?"

"Daktari hakusema tusile."

"Na mwenye nyumba?"

"Huyo kasema mwisho wa mwezi anataka chumba au fedha. Moja kati ya hivyo viwili."

Fundi akatazama kamba ya nguo, akapumua. Mabega yalikataa kushuka. "Ni siku chache tu," alisema. "Tukimaliza, tutarudia utaratibu wetu."

Walipoingia, waliona cherehani iko wazi. Chiriku alikuwa amekwisha kuliondoa shuka, amelikunja vizuri pembe kwa pembe, na amesimama juu ya kiti analiweka juu ya kabati. Hakuna aliyekuwa amemwambia. Fundi akakaa, akakanyaga.

Mwanzoni alitoka nje kupumua. Kisha akaanza kuona kwamba kila akitoka, mkono mmoja wa shati haujashonwa. Akapunguza. Kisha akaacha. Siku aliyopangiwa Chiriku kurudi hospitali ilikuwa siku ambayo Zege, baada ya kukaa bure muda wote ule, alipata kibarua cha kutwa; ukikataa kibarua huitwi tena. Fundi akasema watakwenda shule zikifunguliwa. Siku iliyofuata Kitinda alisahau sheria, akaja kuomba maji mashine ikilia. Uzi ukakatika. Fundi akapiga kelele ambayo hakujua kuwa bado anayo, akarusha mkasi. Mkasi uligonga ukuta, haukumgonga mtu. Kitinda akasimama pale pale, mkojo ukimtiririka miguuni. Chiriku akaja akamshika mkono, akampeleka nyuma ya pazia lililotenga kitanda na kazi.

Jioni yake Fundi, kwa majuto, alimuuliza, "Sikio vipi, mwanangu?"

Chiriku aliutazama mdomo wa mama yake, kisha uso wake wote. Akatabasamu. "Limepona."

"Mungu mkubwa," Fundi alisema. Mguu wake ulikuwa tayari kwenye kanyagio.

Ilikuwa Ijumaa alasiri. Zege yuko kibaruani. Sketi zimekwisha, mashati yamebaki kidogo, na Mama Sare amekwisha kutuma ujumbe mara kadhaa kwamba dereva yuko njiani. Fundi alikuwa anazunguka kola, mashine imeshika kasi, uzi ukakatika ghafla. Mguu ukasimama.

Akasikia kilio. Kilitoka nyuma ya pazia, kilio cha maumivu hasa, cha mtoto anayelia kwa kifua chote. Alikisikia kwa muda wa kufumba na kufumbua, kisha kikakatika, kama mtu aliyefunga bomba.

Akadhani ni masikio yake yamechoka. Bila kutia uzi, akakanyaga kidogo ajaribu. Sakafu ikatetemeka, na chini ya kelele ya chuma kilio kikaanza tena, safari hii viwili, kikubwa na kidogo. Akaacha. Vikakoma. Akakanyaga. Vikaanza.

Alivua viatu, akaenda polepole, akafunua pazia.

Walikuwa wamekaa chini, migongo kitandani. Chiriku alikuwa amelaza kiganja chake sakafuni, wazi kabisa, anasikiliza kwa mkono. Kitinda alikuwa akimtazama dada yake usoni, anangoja ruhusa. Katika sikio la kulia la Chiriku, lile zima, kulikuwa na kipande cha buluu kilichoviringishwa vizuri, na usaha umeshuka mpaka shingoni. Nyuso zao wote wawili zilikuwa zimelowa. Walipomwona, wakatabasamu.

Fundi alifanya kila alichofundishwa. Alipumua mpaka mabega yakashuka. Alipiga magoti. Akasema kwa sauti ya chini kabisa aliyokuwa nayo, "Mwanangu, mashine imelala."

Chiriku hakumsikia. Alikuwa akiangalia midomo.

"Chiriku, linauma?"

Hilo alilisoma. "Hapana, mama. Tunacheza." Akamgusa mdogo wake begani, na Kitinda, kifua bado kinamruka, akasema, "Tunacheza."

"Niambie tu. Sitakasirika. Naapa sitakasirika."

"Endelea na mashati, mama. Hatusemi kitu."

Fundi alitoa kile kitambaa. Chupa ya matone ilikuwa na kidogo kilichobaki chini, akamwekea chote. Mtoto alikunja vidole vya miguu, akakaza taya, machozi yakashuka yenyewe, lakini hakutoa hata mguno. Muda wote alikuwa ameelekeza macho kwenye cherehani iliyosimama. Kesho asubuhi na mapema, Fundi alijiambia, tutakuwa wa kwanza kwenye benchi, Mama Sare afanye analotaka. Leo kliniki ya masikio ilikwisha kufungwa. Na hata kesho, kulikuwa na jambo ambalo daktari hakuwa na kikoleo chake. Akamkumbatia mwanawe, na mwili mdogo ule ukakaa mikononi mwake umekakamaa, wenye adabu, unangoja uachiwe.

"Lia, mwanangu," alisema. "Lia basi."

Chiriku akamfuta mama yake machozi kwa kiganja. "Mimi silii," akasema.

Basi Fundi akaelewa kwamba mbele ya uso wake mtoto huyu hatalia tena. Akainuka. Akarudisha pazia taratibu, akalivuta mpaka mwisho lisibaki na ufa. Akakaa kwenye kiti chake, akaweka kola chini ya sindano, miguu yote miwili juu ya kanyagio. Uzi ulikuwa umelala mezani. Hakuutia.

Akakanyaga. Sakafu ikatetemeka, vikombe vikagongana, na nyuma ya pazia wanawe wakaanza kulia. Nje honi ya gari la Mama Sare ilipigwa, ikapigwa tena. Sindano ilipanda na kushuka juu ya kola bila kushona kitu, na Fundi akaendelea kukanyaga ili wamalize.